Namna ya kujaribu miwani ya uhalisia pepe kabla ya kuilipia

Mteja anayeingia katika duka la vifaa vya kielektroniki Kariakoo na kuomba kuonjeshwa miwani ya uhalisia pepe (VR), yaani kifaa kinachofunika macho na kukuonyesha ulimwengu wa kompyuta, aghalabu huwekewa mchezo wa kigari kinachoporomoka kutoka juu, hupiga yowe mara mbili, huivua, kisha hutoa pesa. Mimi nilinunua ya kwanza kwa njia hiyohiyo, na jioni yake nililala na kichefuchefu. Kifaa kinachobebwa na uso kinahitaji kupimwa kwa utulivu, walau dakika 20, asubuhi ya siku ya kazi kabla duka halijafurika, tena usiwe na njaa wala usiwe ndiyo kwanza umeteremka kwenye daladala.

Kipimo cha kwanza, cha umbali kati ya mboni zako mbili ambao lenzi za miwani zinapaswa kuufuata, hufanyika nyumbani. Simama mbele ya kioo, shika rula juu ya pua, funga jicho la kulia na ulinganishe sifuri na mboni ya kushoto. Kisha, bila kusogeza kichwa, fungua la kulia, funga la kushoto, na usome milimita zilizofika kwenye mboni ya kulia. Watu wazima wengi hukaribia 63. Quest 2, miwani ya kampuni ya Meta iliyotoka mwaka 2020, ina nafasi tatu tu za lenzi, yaani 58, 63 na 68, ilhali Quest 3 ya mwaka 2023 ina kigurudumu kinachosogeza lenzi taratibu kuanzia 58 hadi 71, jambo ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko sifa nyingi zinazotajwa kwenye boksi.

Dukani, futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu, kisha uombe sponji la usoni lipanguswe, kwa kuwa katika joto la Dar es Salaam hunywa jasho la kila aliyetangulia. Legeza mikanda, weka miwani usoni kwanza, ndipo uteremshe mkanda wa nyuma hadi chini ya kisogo. Mwenye mtandio au rasta afanye hivyo akiwa amevaa au amefunga nywele kama atakavyokuwa siku zote. Quest 3 ina gramu 515, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele, hivyo ikilemea mashavu kaza mkanda wa juu badala ya kubana ule wa pembeni.

Sasa soma maandishi madogo kwenye menyu. Yakiwa na ukungu, pandisha au shusha miwani kidogo kabla ya kuilaumu. Baada ya hapo omba mandhari tulivu, ukiwa umeketi na ukigeuza kichwa tu. Kizunguzungu hutokea macho yanapoona mwendo ilhali kiungo cha mizani ndani ya sikio kinahisi umetulia, ndiyo maana kutembea ndani ya picha kwa kutumia rimoti za mkononi kunapaswa kuwa jaribio la mwisho, na ukianza kutokwa na jasho la baridi vua papo hapo. Kujikaza huongeza maradhi.

Weka rimoti chini, uchague vitu kwa kubana kidole gumba na cha shahada. Kamera za miwani ndizo zinazofuata vidole, nazo huhitaji mwanga, kwa hiyo mwombe muuzaji azime baadhi ya taa uone kama mikono bado inatambuliwa. Vioo vikubwa vya ukutani pia huzichanganya.

Usiipeleke mlangoni kuitazama vizuri: jua likipenya lenzi huunguza skrini ndani ya muda mfupi. Kwa iliyotumika, iwashe ikionyesha mandhari nyeupe utafute madoa ya aina hiyo, na uhakikishe akaunti ya mmiliki wa awali imefutwa mbele yako. Mwisho kagua chaja, kwani nyingine huja na plagi ya Marekani; soma kama inapokea volti 230, ndipo ununue adapta ya pini tatu.