Kujenga Nidhamu ya Ubunifu kwa Kupaka Rangi Sanamu Ndogo

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumwelekeza mpwa wangu hapa Kisumu, kijana mwenye kipawa cha kuchora ambaye madaftari yake yalijaa kazi zilizoanzwa na kuachwa. Nilimchagulia sanamu ndogo kwa sababu haziruhusu haraka: tabaka moja la rangi lisipokauka, la pili huliharibu papo hapo.

Hatua ya 1: Chagua sanamu moja

Wapakaji wengi hutumia sanamu za plastiki za michezo ya mezani, ambazo aghalabu hutengenezwa kwa kipimo cha milimita 28. Hizo ni nzuri, lakini kwa anayeanza napendelea vinyama vya mawe ya sabuni vinavyochongwa katika mji wa Tabaka, Kisii, kwa kuwa vina sehemu pana na havina vipande vya kugandisha kwa gundi. Tafuta kisichopakwa nta wala kung'arishwa. Usinunue cha pili kabla ya kukimaliza cha kwanza, na katika sharti hili sitoi ruhusa kwa yeyote.

Hatua ya 2: Osha, kisha paka praima

Plastiki ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani. Jiwe lisuguliwe kwa msasa laini uliolowa maji, maana vumbi lake likiwa kavu si zuri kwa mapafu. Praima ni rangi ya msingi inayosaidia rangi nyingine kushika, na ile ya kupaka kwa brashi ndiyo ninayoipendekeza. Ile ya kupuliza hukaukia hewani penye joto na upepo, ikaacha chembechembe juu ya sanamu.

Hatua ya 3: Punguza uzito wa rangi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote kwa pamoja. Tumia rangi ya akriliki, wala usiipake jinsi ilivyotoka kwenye chupa, kwa sababu ikiwa nzito huziba mikunjo ya nguo, macho na vidole. Ongeza maji kidogo kidogo hadi iteleze kama maziwa. Ijaribu kwanza juu ya ukucha wa kidole gumba: ikifunika kabisa kwa mpako mmoja, bado ni nzito, ikikimbilia kingo na kuacha duara tupu katikati, maji yamezidi. Maji yakizidi mno, hata ile gundi inayoishikilia rangi hudhoofika, na rangi ikikauka itatoka kwa kuguswa.

Joto la Kisumu huongeza ugumu mwingine, kwani rangi iliyopunguzwa hukauka kwenye kibao cha kuchanganyia rangi kabla hujaimaliza. Dawa yake ni kibao chenye unyevu, na hakuna haja ya kukinunua. Chukua kontena bapa la plastiki lenye kifuniko, tandika sponji nyembamba, mimina maji hadi sponji ishibe bila maji kuelea juu, kisha lazia karatasi ya kuokea keki. Karatasi iliyopakwa nta haifai, kwa kuwa haipitishi unyevu. Rangi ikianza kusambaa yenyewe juu ya karatasi, sponji ina maji mengi mno, ikamue. Usikae mbele ya feni. Maji ya sponji yabadilishwe kila baada ya siku chache, la sivyo kuvu itaota.

Uwe na vikombe viwili, kimoja cha kusuuzia brashi na kingine cha maji safi ya kuchanganyia. Brashi isiachwe imesimama ndani ya kikombe, wala rangi isifike kwenye pete ya chuma, kwani ikigandia humo nywele hutawanyika na ncha hairudi.

Hatua ya 4: Tabaka juu ya tabaka

Mipako miwili au mitatu myembamba, kisha rangi ya giza mashimoni iwe kivuli, kisha rangi yenye mwanga zaidi kwenye kingo zilizoinuka. Kati ya mpako na mpako, weka brashi chini.

Hatua ya 5: Funga saa yako

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, hivyo wakati wa kuchomoza kwa jua hutofautiana kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima. Kwa sababu hiyo napendelea nusu saa ya asubuhi dirishani kuliko saa mbili za usiku chini ya taa, ambayo hubadili rangi machoni. Keti hata siku usiyojisikia, na muda ukiisha, simama hata kama kazi inanoga, ili kesho uwe na pa kuanzia. Katika daftari andika rangi ulizochanganya na kwa kiasi gani, pamoja na sehemu itakayofuata. Mpwa wangu alipoanza kuandika hivyo, aliacha kutumia nusu ya muda wake akiamua la kufanya.

Hatua ya 6: Vanishi

Acha sanamu ikauke usiku kucha, kisha paka vanishi isiyong'aa, nyembamba, siku isiyo na mvua. Ikishakauka, andika tarehe chini ya kitako chake, ndipo utafute nyingine.