Kununua kiwanja au nyumba Tanzania Bara bila kununua kesi ya mtu: hatua kwa hatua, pamoja na maswali ya wanachama

Mnunuzi wa kiwanja kwa kawaida huanza na bei, akaenda kuliona eneo, akalipenda, akatoa kishika uchumba, na baada ya hapo ndipo anaanza kuulizia karatasi. Mpangilio huo ndio unaozaa kesi, kwa sababu mtu aliyekwisha kutoa fedha huona aibu kuuliza maswali magumu, na muuzaji aliyekwisha kupokea hana haraka ya kuyajibu. Somo hili limepangwa kinyume chake: anatangulia mwenye haki ya kuuza, inafuata ardhi yenyewe, kisha mkataba, na fedha zinakuja mwisho. Maelezo yanahusu Tanzania Bara tu. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na anayenunua Unguja au Pemba asiyategemee.

Hatua ya kwanza: fahamu unanunua haki ya aina gani

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kinachouzwa, basi, ni haki ya kuimiliki na kuitumia, na haki hiyo haina uzito sawa kila mahali. Kiwanja kilichopimwa na kusajiliwa kina hati miliki ya muda maalumu, ambao huwa ni miaka 33, 66 au 99. Kiwanja cha mjini ambacho hakijapimwa hakina hati, na ushahidi wake huwa ni mikataba ya mauziano ya nyuma, majirani, na wakati mwingine leseni ya makazi, yaani kibali cha muda cha kukaa hapo. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mwenye nayo anaweza kuwa na hati ya hakimiliki ya kimila au asiwe na karatasi yoyote. Muulize muuzaji yeye yuko katika kundi lipi kabla hujauliza bei, maana hatua zinazofuata zinategemea jibu hilo.

Hatua ya pili: hakikisha muuzaji ana haki ya kuuza, na kwamba hana mwenzake katika haki hiyo

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Muuzaji hawezi kukupa haki kubwa kuliko aliyonayo mwenyewe, hata mkataba ukiandikwa kwa ustadi namna gani, na hata ukigongwa mihuri mitatu.

Anza na mwenza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai, hata kama jina lililoandikwa kwenye hati ni la mmoja tu. Sheria ya Ardhi nayo, katika kifungu cha 161, inamtwika mnunuzi wajibu wa kuuliza kama ridhaa hiyo imetolewa. Kwa hiyo utetezi wa «mimi sikujua kama ana mke» hauna nguvu kubwa, kwa kuwa ulitakiwa kuuliza. Mwenza na asaini mkataba wenyewe, aweke picha na dole gumba, na wakili amshuhudie akifanya hivyo. Ujumbe wa simu usemao kwamba mama amekubali usiupokee. Muuzaji akidai hana mwenza, mwombe hati ya kiapo inayosema hivyo, kisha waulize majirani kwa upole. Kumbuka pia kwamba kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawadhania watu kuwa wanandoa wakiwa wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi katika mazingira ya kuonekana mke na mume, kwa hiyo kukosekana kwa cheti cha ndoa hakumalizi hoja.

Baada ya mwenza, uliza mirathi. Ukisikia «hili lilikuwa shamba la marehemu baba», simamisha mazungumzo mpaka uione barua ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama, ambayo kwa Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Namba IV. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kuelekea mahakamani, lakini peke yake haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Mtoto mkubwa wa marehemu hawi msimamizi kwa sababu tu ni mkubwa, na mjane naye hawi msimamizi kwa sababu tu anaishi ndani ya nyumba. Hata msimamizi aliyeteuliwa anauza kwa niaba ya warithi, hivyo ni busara warithi watu wazima nao wasaini kuridhia. Muuzaji akisema kuwapata ndugu zake ni vigumu, ujue kwamba wewe hutawakosa: watakuja wenyewe utakapoanza kumwaga zege.

Hatua ya tatu: chunguza ardhi

Kwa kiwanja chenye hati, omba upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati kwa kutumia namba ya hati, kiwanja na kitalu. Majibu yatakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa na kama pana rehani ya benki au zuio. Nakala ya hati usiitegemee. Inawezekana hati halisi imelala benki. Angalia pia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, kwani deni hilo utakutana nalo wakati wa uhamisho.

Kwa kiwanja ambacho hakijapimwa, nenda mchana, mkiwa na muuzaji na majirani wa pande zote nne, mtembee kwenye mipaka na kupima kwa futi kamba. Jirani akikataa kuja, mfuate kwake. Halafu ulizia katika idara ya ardhi ya halmashauri eneo hilo limepangiwa matumizi gani kwenye mchoro wa mipango miji, kwa sababu kiwanja kinachoonekana kizuri kwa macho kinaweza kuwa kimechorwa barabara, shule au eneo la wazi. Karibu na bahari, ziwa au mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya meta 60.

Hatua ya nne: mkataba

Uandikwe, mkataba wa kuuza ardhi kwa mdomo hautekelezeki mahakamani. Uwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya taifa, vipimo vya kiwanja, majirani wanaopakana nacho, bei kwa tarakimu na kwa maneno, namna ya kulipa, siku ya kukabidhiana, na kifungu kinachomlazimu muuzaji kurudisha fedha zote ikibainika kwamba hakuwa na haki ya kuuza. Usainiwe mbele ya wakili, na jina la wakili huyo lithibitishwe kwanza kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama.

Kuhusu serikali ya mtaa: ni vizuri mwenyekiti au mtendaji akafahamu na kushuhudia, kwa sababu anawafahamu watu wa eneo lake. Hata hivyo muhuri wake unashuhudia kwamba mauziano yalifanyika, na haugeuki kuwa uthibitisho wa umiliki. Ukitajiwa asilimia kumi ya bei kama ada ya ofisi, omba kuonyeshwa kanuni inayoitaja na ulipe tu kwa namba ya malipo ya serikali. Mjumbe wa shina, kwa heshima zote, ni kiongozi wa chama. Anaweza kuwa shahidi kama raia mwingine yeyote.

Hatua ya tano: malipo, kodi na uhamisho

Lipa kupitia benki ili ibaki kumbukumbu. Mkataba unatozwa ushuru wa stempu, na usiotozwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya kuuza, ni mzigo wa muuzaji, ingawa madalali wengi humsukumia mnunuzi. Muafaka wenu kuhusu jambo hili uandikwe ndani ya mkataba. Kwa ardhi iliyosajiliwa, uhamisho hufanyika kwa fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, na kabla jina lako halijaingia kwenye daftari la Msajili hujamaliza kununua.

Maswali ya wanachama

Swali: Nilinunua ekari tatu kijijini huko Mkuranga. Mwenyekiti wa kijiji alisaini na kugonga muhuri, lakini uongozi mpya unasema haunitambui. Je, mkataba wangu hautoshi?

Jibu: Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Ardhi ya kijiji inahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji ikiwa kikao, na msimamo huo ni wa zamani. Mahakama ya Rufani iliueleza katika shauri la Methuselah Paul Nyagaswa dhidi ya Christopher Mbote Nyirabu, lililoripotiwa mwaka 1985, kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo hayana nguvu. Omba kuonyeshwa muhtasari wa vikao vya kipindi ulichonunua. Kama suala lako lilijadiliwa na kupitishwa, chukua nakala iliyothibitishwa. Kama halikujadiliwa, andika barua ya kuomba halmashauri ya sasa ilijadili, ukimshirikisha aliyekuuzia, kabla hujajenga chochote.

Swali: Mimi ni mpangaji Mbagala. Kila mwezi nikinunua umeme nakatwa kodi ya jengo. Ni halali mimi kulipa?

Jibu: Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba; LUKU, yaani mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, ni njia tu ya kuikusanya, iliyoanza mwaka 2021. Tunza risiti za manunuzi ya umeme, jumlisha makato hayo, na mkubaliane na mwenye nyumba yapunguzwe kwenye kodi ya pango ijayo. Ni vyema jambo hili likaandikwa kwenye mkataba wa upangaji, maana kwa nyumba yenye wapangaji watano wanaotumia mita moja, ugomvi wa nani amelipa huanza mapema.

Swali: Mwenye nyumba wangu ananitaka nihame ndani ya siku tatu na ametishia kufunga mlango kwa kufuli lake. Hatuna mkataba wa maandishi. Nalipa kila mwezi.

Jibu: Upangaji usiozidi mwaka mmoja unaweza kuwa wa mdomo na bado ukatambuliwa na Sheria ya Ardhi. Kwa kuwa unalipa kwa mwezi, notisi yako isipungue mwezi mmoja. Anayelipa kwa kipindi kirefu zaidi naye anastahili notisi inayolingana na kipindi chake. Kufunga mlango, kung'oa bati au kukata maji ili mtu ahame ni kujichukulia sheria mkononi. Mwenye nyumba anayetaka kumwondoa mpangaji aliyegoma anapaswa kwenda kwenye baraza la ardhi na kupata amri. Kwa upande mwingine, usijidanganye kwamba kuna sheria ya kukulinda dhidi ya kupandishiwa kodi: Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango ni makubaliano yenu.

Swali: Mjomba alimkaribisha rafiki yake kwenye shamba letu Sengerema zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Sasa huyo bwana anasema muda umepita na shamba ni lake.

Jibu: Ni kweli kwamba madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12 chini ya Sheria ya Ukomo. Lakini mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba mwalikwa hawezi kumpokonya mwenyeji wake ardhi kwa hoja ya kukaa muda mrefu. Ugumu wenu utakuwa kuthibitisha kwamba aliingia kwa kukaribishwa, kwa hiyo watafuteni wazee waliokuwapo wakati wangali na kumbukumbu. Msicheleweshe pia, kwani tangu aliposema wazi kwamba shamba ni lake, hesabu ya muda inaweza kuanza kuwageukia. Anzieni baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 linasuluhisha tu na halitoi hukumu. Likishindwa litawapa uthibitisho wa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku 30 zikipita bila usuluhishi mnaweza kwenda bila uthibitisho huo.

Swali: Nyumba niliyoipenda ina alama ya X ya kijani ukutani. Muuzaji anasema ni nyekundu tu ndiyo mbaya.

Jibu: Zote ni za hifadhi ya barabara, yaani ukanda uliotengwa kando ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka meta 22.5 hadi meta 30 kila upande kutoka katikati. X nyekundu hupewa aliyejenga ndani ya eneo la zamani, ambaye hana fidia. Ya kijani ni ya aliyekutwa na nyongeza, ambaye anastahili kulipwa. Anayestahili ni aliyekutwa hapo, nawe utakuwa umeingia ukiiona alama. Achana na nyumba hiyo.

Swali: Niko Muscat kikazi, bado ni raia wa Tanzania. Nilimtumia kaka yangu fedha za kiwanja naye akaandika jina lake kwenye mkataba. Nifanyeje bila kuvunja udugu?

Jibu: Kwa karatasi zilizopo, mnunuzi ni kaka yako. Kusanya kwanza kumbukumbu za kutuma fedha na mazungumzo yenu, kisha mwombe asaini, yeye pamoja na mkewe, hati ya kukiri kwamba alinunua kwa niaba yako, ikifuatiwa na uhamisho kamili. Saini ya shemeji yako usiiruke. Akifariki kaka yako kesho, yeye na watoto ndio utakaosimama nao mahakamani. Kwa manunuzi yajayo, mpe mtu unayemwamini mamlaka ya kisheria kwa maandishi, yaliyoshuhudiwa ubalozini, yakieleza kiwanja kipi, bei isiyozidi kiasi gani, na kwamba mkataba utaandikwa kwa jina lako.