Kufunga mzigo wa miezi minane melini ukitokea Dodoma

Mbukwenyi wapendwa.

Mwezi huu vijana watatu wa hapa mjini wamenipigia simu. Wote wamepata mikataba ya kazi kwenye meli za kitalii, na wote wameniuliza swali lilelile: "Mama, nibebe nini?" Mimi nimehudumia vyumba melini kwa mikataba sita, mfupi miezi sita na mrefu miezi tisa, ndipo nikarudi nyumbani Ipagala. Nimeona niandike somo lote hapa, kila mmoja asome kwa nafasi yake.

Jambo kubwa ni hili, naomba mlishike kabla hamjagusa begi. Mtu akisikia miezi minane anafunga nguo za miezi minane. Melini kuna chumba cha kufulia cha wafanyakazi, kina mashine, na sare utapewa. Funga nguo za siku 14 tu. Kilo zitakazobaki zipe vitu ambavyo ukishakuwa katikati ya bahari huwezi kuvipata kwa hela yoyote: viatu vilivyouzoea mguu wako, dawa zako, na vitu vya nywele zako.

Hatua ya kwanza: mkoba wa mkononi

Wengi huanza na begi kubwa. Wewe anza na mkoba utakaoingia nao ndani ya ndege, na uupange ukijua kwamba begi kubwa linaweza lisifike.

Mimi lilinikuta mkataba wa pili. Nilibadili ndege mara mbili, nikafika bandarini asubuhi, begi halipo. Meli iling'oa nanga jioni ileile, maana meli yenye abiria elfu mbili na zaidi haiwezi kumngojea mfanyakazi mmoja mzigo wake. Begi likawa linanifuata bandari kwa bandari, likifika sisi tumeshaondoka. Nililipata siku ya tisa. Sare nilipewa, lakini viatu vya kazi, nguo za ndani na dawa zangu za pumu vyote nilikuwa nimevitia kwenye begi. Dada wa Indonesia niliyepangiwa naye chumba alinigawia nguo zake mpya za ndani bila hata kunijua. Daktari wa meli alinipa dawa ya pumu. Viatu ndivyo vilivyonitesa: nilipewa vya kuazima vilivyonibana, nikatembea navyo siku tisa nikipanda na kushuka ngazi. Kucha mbili za miguu zilitoka.

Kwa hiyo kwenye mkoba weka pasipoti, kitabu cha baharia, vyeti vya mafunzo ya usalama (wengi wetu tunavipata Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI), cheti cha afya, barua ya ajira, na kadi ya njano. Kila karatasi itolee kopi mbili, moja ikae begini na nyingine umwachie mtu nyumbani. Pasipoti iwe na muda wa angalau miezi sita baada ya mkataba kuisha, na kurasa tupu za kutosha, kwa sababu bandari ni nyingi. Kadi ya homa ya manjano tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yako yote, ila chanjo huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchomwa. Usiende kuchoma wiki ya safari.

Halafu dawa zote, viatu vya kazi jozi moja, nguo za ndani za siku nne, mswaki, chaja, na fulana moja ya kubadili. Mkoba huo mashirika mengi ya ndege yanaukubali hadi kilo 7, na ukipanga vizuri vyote vinaingia.

Pawabenki lazima iwe humohumo, kamwe isiingie begi kubwa, kwa sababu betri ikishika moto chini kwenye mizigo hakuna wa kuiona mapema. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100. Hesabu yake: chukua namba ya mAh, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 3.7. Ile ya 20,000 inatoa 74, inapita. Ya 30,000 inatoa 111, utasumbuliwa.

Hatua ya pili: begi kubwa

Chukua begi laini la kitambaa kigumu, lenye matairi na linalokunjika. Lile sanduku gumu linalong'aa ni zuri machoni, lakini chumba cha wafanyakazi ni cha watu wawili, vitanda ni vya ghorofa, kabati ni jembamba. Begi litakaa chini ya kitanda cha chini au halitakaa popote.

Lipime likiwa tupu. Tiketi ikisema kilo 23 na begi lenyewe lina kilo 5, wewe una kilo 18. Tiketi za mabaharia mara nyingine huruhusu zaidi, lakini soma tiketi yako mwenyewe, usisikilize ya mwenzako. Meli yenyewe haina ugomvi na kilo zako. Anayekubana ni ndege.

Shangazi kaja msilitumie kwendea. Zipu yake haiwezi mikanda ya viwanja vya ndege. Lakini likunje uliweke chini kabisa ya begi, siku ya kurudi litakufaa, kwa maana miezi minane huwezi kurudi mikono mitupu na watoto wanakusubiri.

Hatua ya tatu: viatu

Hapa sitaki mfanye haraka. Kampuni nyingi zinataka viatu vyeusi, vilivyofunika vidole, soli isiyoteleza. Nunua jozi mbili zinazofanana na uzibadilishe kila siku, ili moja ipumue wakati nyingine inafanya kazi. Na uvivae hapahapa Dodoma wiki mbili kabla ya safari. Vaa ukienda sokoni Majengo, vaa kanisani, vaa msikitini mpaka mlangoni. Kiatu kipya kikikuuma ukiwa nyumbani unakivua. Kule utakivaa saa kumi kwa siku.

Kisha uvisugue. Vumbi letu jekundu linaingia kwenye mifereji ya soli na halionekani mpaka afisa alichokonoe. Australia na New Zealand hawataki udongo wa kigeni hata chembe, wanaogopa magonjwa ya mimea na mifugo yao. Mswaki wa zamani, maji ya sabuni, kisha jua la saa saba, basi. Fanya hivyo pia kwa matairi ya begi.

Hatua ya nne: nguo

Nguo za ndani 14, soksi nyeusi jozi 10, fulana 5, suruali 2, kitu cha kulalia, sweta, koti jepesi la mvua, nguo ya kuogelea, na vazi moja la heshima. Ndala za bafuni msisahau, bafu ni la pamoja na mwenzako.

Sweta ile unayovaa Julai upepo wa Dodoma ukivuma inatosha sehemu nyingi, na utaihitaji hata kwenye joto la Karibiani, kwani ndani ya meli viyoyozi havizimwi. Ukipangiwa Alaska au Norway, pita mitumba ya Sabasaba utafute koti zito, na ulivae mwilini ndani ya ndege badala ya kulipakia.

Kwa vazi la heshima nawashauri kitenge kilichoshonwa vizuri. Kinakunjika bila kuhitaji pasi, na siku ya sherehe ya wafanyakazi utaona wenzako kutoka Ufilipino na India nao wametoa vazi la kwao.

Dada zangu, beba khanga doti mbili. Doti moja haifiki uzito wa suruali moja ya jinsi, na ni taulo, ni shuka, ni pazia la kitanda ukitaka faragha, ni kitambaa cha kuswalia. Mkishuka Italia mkataka kuingia Kanisa la Mtakatifu Petro, mabega na magoti yafunikwe. Mimi nilijifunga khanga nikaingia, watalii kadhaa wa meli yetu walirudishwa mlangoni.

Hatua ya tano: nywele na mwili

Rasta za kusukia zitoke huku, na mafuta ya nywele, na losheni uliyoizoea. Duka la wafanyakazi melini lina sabuni na dawa ya meno, ila vitu vya nywele zetu mimi sikuwahi kuvikuta humo. Pedi beba za miezi miwili, kisha utanunua bandarini. Vya majimaji vinavyoingia ndani ya ndege ni chupa zisizozidi mililita 100.

Hatua ya sita: vya kuacha nyumbani

Pasi, hita ya kuchemshia maji, mishumaa, na udi. Najua udi utauma. Lakini nyumba ikiungua tunakimbilia uwanjani, na meli ikiungua hakuna uwanja. Kitu chochote chenye mwali au waya wa kupasha moto utanyang'anywa siku ya ukaguzi, na unaweza kupewa onyo la maandishi kabla hata hujapokea mshahara wa kwanza. Ekstensheni nayo acha, hasa zile zenye kinga ya umeme: umeme wa meli umefungwa kwa namna tofauti na wa nyumbani, na kinga hiyo inaweza kupata moto yenyewe. Beba adapta mbili ndogo, kwani plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa haiingii kwenye soketi za Ulaya wala za Marekani.

Nguo za mabaka ya kijeshi pia ziache. Barbados, Jamaika na visiwa vingine vya Karibiani vinakataza raia kuzivaa, kama sisi tunavyokataza.

Hatua ya saba: siku ya kuondoka

Tangu 2024 treni ya SGR imetupunguzia shida, Dar ni chini ya saa nne. Hata hivyo nenda siku moja kabla, ulale kwa ndugu, uamke ukiwa umetulia. Funga kitambaa chekundu kwenye mkono wa begi. Lipige picha nje na ndani. Likipotea utaonyesha picha.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Chang'ombe: Shikamoo mama. Naweza kubeba unga wa uwele na mlenda mkavu? Nasikia chakula cha wafanyakazi ni wali kila siku.

Marahaba mwanangu. Wali ni mwingi kweli, utauzoea. Unga na mlenda wa kusaga nyumbani acha: huna pa kupikia, na vitu visivyo na lebo havieleweki kwa afisa wa forodha. Asali na mbegu za aina yoyote ndiyo kabisa. New Zealand ukikutwa na chakula ambacho hukukitaja unalipa papo hapo dola 400 za kwao. Pilipili ya unga au majani ya chai vya dukani, pakiti haijafunguliwa, unaweza, na kwenye fomu andika kwamba unavyo. Ukiandika hawakutozi, hata kama watavichukua.

Dada wa Kondoa: Mama, nina presha na natumia dawa kila siku. Nibebe za miezi yote?

Kwanza, je, daktari aliyekupima kwa ajili ya cheti cha afya anajua? Kama hujamwambia, rudi ukamwambie. Ukifichua baadaye wanaweza kukurudisha nyumbani. Akikukubalia, beba za miezi mitatu angalau, zikiwa kwenye maboksi yake, pamoja na barua ya Kiingereza yenye jina la dawa lenyewe, siyo jina la kampuni peke yake. Matibabu ya baharia akiwa kazini hayalipiwi na baharia, hilo limo kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa 2006, ila aina ileile ya dawa yako huenda wasiwe nayo. Dawa kali za maumivu kama tramadol na kodeini usibebe bila kibali, nchi za Kiarabu ni kesi kubwa.

Mwanachama wa Nzuguni: Wakala ameniambia nitume laki nane "ya mzigo na nafasi." Ni sawa?

Usitume. Mkataba huohuo wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kupatiwa kazi. Pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya unaweza kujilipia, nafasi hailipiwi. Na mzigo unalipwa uwanja wa ndege, haulipwi kwa wakala.

Baba wa Area C: Shemeji, mama mkwe wangu anapelekwa na mwanawe kwenye safari ya dunia nzima, miezi minne, kama abiria. Ana miaka 71. Somo hili linamhusu?

Linamhusu, shemeji, isipokuwa sare. Aongeze mavazi mawili ya jioni za heshima, vitenge vyake vinatosha. Bandarini mizigo ya abiria huchukuliwa na wapagazi na kupelekwa chumbani, mara nyingine hufika usiku, kwa hiyo dawa, miwani na nguo ya kubadili abaki nazo mkononi. Na mkumbusheni usiku wa mwisho: mabegi huwekwa nje ya mlango kabla ya kulala, yanabebwa. Nimewahi kumfungulia mlango bibi mmoja asubuhi ya kushuka, nguo zake zote zimeshaondoka, amebaki na gauni la kulalia. Tulimtafutia suruali na fulana kwenye vitu vilivyosahaulika, alikuwa analia. Nguo za kushukia mama azitundike mlangoni jioni, kabla begi halijafungwa.

Binti wa Kikuyu: Mzani wa kupimia begi nitaupata wapi? Nyumbani hatuna.

Nenda kwa wauza mahindi, wana ule mzani wa kuning'iniza, hawakatai. Nenda mapema kabla wateja hawajajaa, na ubebe mfuko mwingine mkononi wa kutolea vitakavyozidi. Mimi nitakuwepo Majengo Jumamosi saa mbili asubuhi, njoo na begi lako tulifungue pamoja.