Kadi tatu za njano: kuivusha timu ya maveterani kutoka Tanga hadi Mombasa

Mwambie mtu wa Ngamiani kwamba timu inaalikwa Mombasa, atakujibu: "Mombasa? Si hapo tu!" Na kweli ni hapo. Kuna kilomita kama 65 za lami hadi Horohoro, kituo chetu cha mpakani, kisha kama 100 nyingine kutoka Lunga Lunga, kituo cha Kenya, hadi Likoni. Safari ya Dar es Salaam ni ndefu mara mbili ya hiyo. Ila ukienda Dar huulizwi hati ya kusafiria, na ndipo "hapo tu" inapowaponza mameneja wa timu za mtaani.

Mimi ni meneja wa timu ya maveterani, watu wa miaka 40 kwenda juu, wenye vitambi na magoti yanayolia. Tumeshavuka mara kadhaa kwenda bonanza za kirafiki upande wa pili. Safari ya kwanza tulifika uwanjani mechi yetu ya ufunguzi ikiwa imeshapewa wapinzani bila kuchezwa. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kuumia, na mengi yanahusu makaratasi kuliko mpira. Shika hili tangu mwanzo: kuna kadi tatu za njano katika safari hii, na ya refa ndiyo nyepesi kuliko zote.

Hatua ya 1: Mwaliko uwe barua

Mialiko ya maveterani huja kwa sauti ya WhatsApp: "Mwanangu, Idd Pili tuna bonanza, njooni tufurahi." Shukuru, kisha omba barua. Iwe na jina la klabu inayowaalika, tarehe, uwanja, idadi ya watu wanaowategemea, na nani analipia malazi. Hicho cha mwisho kisipoandikwa, mtakuja kulala kwenye viti vya basi huku kila upande ukidhani mwenzake ameshalipa.

Barua hiyo ndiyo inayokufungulia milango ya nyumbani. Nenda nayo kwa afisa michezo wa halmashauri, na kama timu yenu iko chini ya chama cha soka, pitia wilayani na TRFA, chama cha soka cha mkoa, ili taarifa ifike TFF. Timu inayotoka nje ya nchi inahitaji kibali cha Baraza la Michezo la Taifa, lile lililoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967. Hapo utaulizwa usajili. Sisi tulipoulizwa tulitazamana. Tulikuwa tunajiita timu kwa sababu tuna jezi. Kama nanyi mko hivyo, anzeni na katiba, viongozi na usajili, na bonanza la mwaka huu mliache lipite. Kwa timu iliyokwisha kusajiliwa, mimi hujipa miezi miwili kabla ya safari.

Hatua ya 2: Orodha ya majina, na usiiandike kwa kusikia

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipofungwa goli.

Mtanzania haingii Kenya kwa kitambulisho cha NIDA peke yake. Anatakiwa awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari, ambayo Uhamiaji huitoa kwa safari za nchi jirani kama hii. Viza haihitajiki, wala yale maombi ya mtandaoni ambayo Kenya iliyaanzisha Januari 2024 kwa wageni wa nchi nyingi hayatuhusu sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Hati ya dharura ni nafuu zaidi ya hapo, na kwa fundi baiskeli au muuza samaki wa Deep Sea atakayevuka mara moja kwa mwaka, inamtosha. Kwa vyovyote vile mtu ataombwa cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Wazee wetu wengi vyeti hawana, au wanavyo lakini vilikaa sandukuni hadi mchwa wakavipitia. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mchezaji lisiwe "utatoa mchango lini?" Muulize: "Cheti chako kiko wapi?"

Sasa orodha. Mwaka ule niliiandika barazani, kahawa mkononi, kila mtu akinitajia jina lake. Ikapigwa chapa, ikagongwa muhuri, ikapendeza. Tukafika Lunga Lunga. Ofisa akaiweka orodha kushoto na rundo la hati kulia, akawa anateremsha kidole, mmoja mmoja, bila haraka. Kidole kikafika namba 14, kikasimama.

"Huyu Athumani ni nani?"

Beki wetu wa kushoto akanyoosha mkono.

"Hati yako inasema Othman."

"Ndiyo mimi huyo huyo, afande. Nyumbani wananiita Athumani."

"Na huku wewe uko nyumbani?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kidole kilikuwa kimeshateremka na kusimama tena namba 17, Ramadhani ambaye kwenye hati ni Ramadan, na jina la babu halipo kabisa. Ofisa alikuwa sahihi, kosa lilikuwa langu. Tuliandika orodha upya kwa mkono juu ya boneti ya gari, na ule muhuri mzuri wa Tanga ukabaki kwenye karatasi isiyo na kazi. Ikatugharimu saa moja na nusu.

Tangu siku hiyo, kila mtu ananiletea hati yenyewe, nainakili herufi kwa herufi, majina yote matatu, namba ya hati na tarehe ya kwisha. Kisha mtu mwingine, si mimi, anakaa na hati na kuisoma kwa sauti huku nikifuata kwenye orodha. Natoa nakala sita. Moja hubaki kwa katibu Tanga, ili hati ikipotea tuwe na pa kuanzia.

Hatua ya 3: Kadi ya njano ya kwanza, ya chanjo

Hii ni ya homa ya manjano, na maofisa wa afya mpakani huiulizia. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayekimbilia sindano siku tatu kabla ya safari amejichoma bure kwa safari hiyo. Wapeleke wote pamoja mwezi mmoja kabla. Ni siku nzuri pia ya kuwapima presha, kwa umri wetu.

Mwenye kadi ya zamani asichome tena. Zamani ilihesabiwa miaka 10, lakini tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, kadi hiyo ni ya maisha, hata kama imeandikwa tarehe ya kwisha. Aliyepoteza kadi ndiye mwenye kazi. Arudi alikochanjwa wakamtazamie kwenye daftari lao. Na tafadhali, asije mtu akakuambia kuna kijana anauza kadi bila sindano. Mbali ya kuwa ni kosa, ukiumwa hiyo homa kadi haikutibu.

Hatua ya 4: Kadi ya njano ya pili, ya gari

Bima ya kawaida ya gari inaishia Horohoro. Ng'ambo ya pale gari lenu linahitaji kadi ya njano ya COMESA, jumuiya ya soko ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Ni bima ya kuwafidia watu wengine gari lenu likisababisha ajali, na inatambulika nchi kadhaa. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango huu wa bima imo, na kampuni ya bima ya gari ndiyo inayoitoa. Ongeza kibali cha safari ya kukodi kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kadi halisi ya gari, na barua ya mwenye gari inayomruhusu dereva kulivusha. Pale forodha gari litaandikiwa kibali cha kuingia kwa muda.

Sasa sikiliza. Kadi ya COMESA huandikwa namba ya gari. Tulikodi kosta kwa mtu mmoja mjini, makaratasi yote safi, nikayapiga picha. Alfajiri ya safari ikaja kosta nyingine. Ile yetu, eti, imepata safari ya harusi Korogwe iliyolipa zaidi. Dereva ananiambia, "Mzee, hii ni mpya kuliko ile, ina hata AC." AC ndiyo, kadi je? Namba mbili tofauti. Tulikaa kibarazani na mabegi hadi saa nne asubuhi, kampuni ya bima ilipofungua mlango.

Ndiyo maana mkataba wangu siku hizi unataja namba ya gari, na una sentensi moja inayosema gari likibadilishwa bila taarifa ya siku tatu, nusu ya malipo inarudi. Wenye magari huisoma wakanuna. Asiyetaka kusaini namshukuru naenda kwa mwingine. Dereva naye awe ameshavuka mpaka huo siku za nyuma. Usimpe safari hii mtu wa kujifunzia.

Hatua ya 5: Mchango

Weka siku ya mwisho na uisimamie, hata kwa mfungaji wenu bora. Hasa kwake, maana ndiye anayejua hamwezi kumwacha. Fedha zishikwe na mhazini, na mtu wa pili awe na daftari.

Pesa za matumizi badilisheni Tanga mjini kabla ya kuondoka. Vijana wanaobadilisha fedha mpakani wana mikono myepesi kuliko kipa wetu. Malipo ya awali ya malazi unaweza kuyatuma kutoka M-Pesa ya huku kwenda M-Pesa ya Kenya, ujumbe ukautunza kama risiti.

Hatua ya 6: Mabegi

Jezi pea mbili za rangi zisizofanana, njumu, shingadi, bandeji, dawa ya kuchua. Kagua mabegi mwenyewe, kwa sababu kuna mtu ataweka njumu zenye tope kwenye mfuko wa rambo. Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, miaka miwili kabla yetu, na hawana mzaha nayo. Machungwa ya Muheza ya mapumziko tulizoea kubeba gunia zima. Sasa tunayala njiani yakaisha kabla ya mpaka, maana mazao hukaguliwa, na mapumziko tunanunua ya huko huko.

Hatua ya 7: Njiani

Ondokeni baada ya sala ya alfajiri. Mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga ni wa huduma kwa pamoja: mnapokwenda, mhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya mnaupata jengo moja, upande wa Kenya. Wasishuke ovyo Horohoro. Kila mtu ashike hati yake mkononi, apange foleni kwa namba ya orodha. Ofisa akiona namba zinafuatana kama sare za shule, kazi yake inakwenda haraka na moyo wake unalainika.

Baada ya hapo ni Msambweni, Ukunda, na vijiji vya Wadigo ambao ni wale wale wa Mkinga. Kuna mchezaji lazima atasema ana shangazi hapa karibu. Mwambie atamsalimia wakati wa kurudi.

Kuingia kisiwani kuna kivuko cha Likoni, au barabara ya Dongo Kundu inayozunguka na kutokea upande wa Miritini. Kivuko kina raha yake, nasi tulishuka tukavuka kwa miguu bila kulipa, lakini watu 22 ndani ya umati ule ni kazi kuwakusanya. Wahesabu kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Siku ya mechi napita Dongo Kundu. Kivuko nawaachia siku ya kutembea.

Hatua ya 8: Kadi ya njano ya tatu

Jioni ya kuamkia mechi, kutana na waandaaji na uulize yote. Kila kipindi ni dakika ngapi? Kadi mbili za njano katika mechi tofauti zinamtoa mtu mechi inayofuata? Sare inakwenda penalti moja kwa moja? Kubwa kwa maveterani ni wachezaji wa akiba. Sheria ya 3 ya mchezo inaruhusu mechi za namna hii kuwa na idadi kubwa ya kubadilisha, mradi timu zikubaliane na refa ajulishwe kabla ya kuanza. Msipokubaliana kabla, mtakuja kubishana dakika ya 40 winga wenu akiwa amelala kwa kubanwa misuli.

Uliza pia uwanja ni wa nyasi, mchanga au zulia la nyasi bandia. Njumu za vyuma hazikubaliki kwenye zulia, na huo si wakati wa kwenda kuazima.

Hatua ya 9: Kurudi

Filimbi ya mwisho ikilia, kabla ya picha na kabla ya pilau, kusanya hati zote na kadi za chanjo uzihesabu. Ukichelewa hapo, nusu ya timu itakuwa imeshaingia Biashara Street kununua leso walizoagizwa na wake zao, na hati iko mfuko wa nyuma wa suruali. Leso mbili tatu za nyumbani hazina neno. Aliyebeba gunia zima ajiandae kuongea na forodha, na aongee mwenyewe, timu haitamsubiri.

Kurudi mihuri yote mnagonga Horohoro. Hapo ndipo ninapowagawia hati tena, kwa namba, kuanzia 1. Othman ni wa 14, na siku hizi nikimwita Athumani haitiki.