Nyumba ya kuanzia: chumba, sebule na upepo

Vijana wengi wanaonijia hapa Mbagala huanza na ramani ya vyumba vitatu. Nawaambia: mdogo wangu, anza na chumba, sebule, jiko na choo, mita 6 kwa 5. Jiko na choo vishiriki ukuta mmoja, bomba liwe moja. Madirisha yatazame kaskazini na kusini. Pepo za kaskazi na kusi zitapita ndani, na jua la jioni halitakuchoma kitandani. Kimo usikibane, mita 3 hadi dari, maana bati la Dar mchana ni tanuri.

Halafu hili nalisisitiza sana: upande utakaoongeza chumba, acha nondo za mkanda, yaani zege linalozunguka kuta, zichomoze, uzipake uji wa saruji zisiliwe na kutu.