Kapu la kuivishia maharage: joto linavyotoroka na namna ya kulizuia

Moto unaouacha chini ya sufuria baada ya maharage kuchemka hauongezi ukali wowote ndani ya sufuria hiyo. Ndilo jambo ninaloanza nalo kila ninapokaa na kina mama wa mtaani kwetu hapa Mbeya, na ndilo linalobishiwa kuliko yote. "Mwalimu, mbona yakitokota sana yanaiva upesi?" Hapana, mama. Maji yakishafika kiwango chake cha kuchemka hayapandi tena, hata ujaze mkaa hadi ukingoni. Kinachoongezeka ni mvuke.

Nilifundisha fizikia sekondari hadi nikastaafu. Yale niliyokuwa nikiyaandika ubaoni, siku hizi nayafanyia kazi kwenye tenga la nyanya nililoligeuza kapu la kuivishia: sufuria iliyochemka inaingia humo, inafunikwa, na chakula kinamalizia kuiva bila moto. Na ninaamini kabisa kwamba yanafaa zaidi huku. Bei ya mkaa inaumiza watu.

Kwanza tutenganishe halijoto na joto. Halijoto ni ukali, yaani chembechembe za kitu zinatikisika kwa nguvu kiasi gani. Joto ni nishati inayohama kutoka penye ukali mwingi kwenda penye ukali kidogo, na wingi wake unategemea pia kitu chenyewe ni kikubwa kiasi gani. Cheche ya mkaa ina nyuzi mia kadhaa, lakini ikikurukia mkononi unaipangusa unaendelea na kazi. Upawa wa uji wenye nyuzi 90 ukikumwagikia, unakwenda hospitali. Cheche ni kali ila haina kitu ndani. Uji umebeba shehena.

Maji ndiyo yanayobeba shehena kubwa kuliko karibu kila kitu jikoni. Kilo moja ya maji inahitaji kilojuli 4.2 (kilojuli ni kipimo cha nishati) ili ipande nyuzi moja tu. Chukua sufuria yenye lita 3 kutoka nyuzi 20 hadi 94: umetumia kilojuli 930 hivi. Nasema 94 kwa sababu sehemu kubwa ya mji wetu iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha maji kuchemka hushuka kama nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Kwetu Tanga, nilikozaliwa, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ndiyo maana mtu akihamia huku kutoka pwani hudhani ameuziwa maharage ya msimu uliopita, kumbe ni mwinuko unaomchelewesha.

Sasa angalia hesabu hii, maana ndipo mkaa wako unapopotelea. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula kilojuli 2,260 hivi. Ni zaidi ya mara mbili ya kazi yote ya kuchemsha sufuria nzima ya lita 3! Kila unapofunua na kuongeza maji kwa sababu yale ya awali yamekauka, umekwisha kulipia mvuke uliopitia dirishani. Maharage hayakupata kitu humo. Sufuria iliyochemka haina shida ya moto mwingine. Ina shida ya kuvuja.

Basi tuzibe. Tafuta tenga au kapu pana, ambalo sufuria yako ikiingia inabakiza nafasi ya upana wa kiganja pande zote na chini. Sufuria iwe na mfuniko unaokaa sawasawa, usiocheza.

Kitu cha kujaza ndicho moyo wa kapu. Joto hupita kwa kugusana: chembe inayotikisika inaitikisa jirani yake. Alumini ya sufuria zetu hupitisha joto upesi mno, saruji ya sakafu nayo hupitisha ya kutosha, lakini hewa iliyotulia hupitisha kidogo sana. Kwa hiyo tunachotafuta hasa ni hewa, na kitambaa ni kizuizi tu cha kuifanya isitembee. Mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani yanafaa. Sufi inafaa sana. Hapa kwetu pumba za mpunga hupatikana kwa urahisi kwenye mashine za kukoboa, na mafundi seremala wana maranda wanayoyatupa. Usishindilie. Ukishindilia unaifukuza hewa uliyoihitaji, na usipojaza vya kutosha unaacha mapengo ambamo hewa yenye joto inapanda juu, ya baridi inashuka, na mzunguko huo unabeba joto lako hadi nje. Jaza hadi ukibonyeza kwa mkono panabonyea na kurudi.

Shona mifuko miwili. Mmoja unakaa chini na kupanda pembeni, ukiacha shimo la sufuria. Wa pili ni mto mnene wa kufunika juu, na huu usiufanyie ubahili, kwa kuwa hewa ya moto inakimbilia juu na upenyo wowote wa hapo utautumia. Mto uwe mpana kuliko mdomo wa kapu ili ukandamize kingo.

Joto pia hurushwa kama mnururisho, bila kugusa kitu, jinsi la jua linavyotufikia. Watu wengi huniuliza kuhusu foili kwa sababu hiyo. Inasaidia, ila pale tu penye nafasi ndogo ya hewa mbele yake, maana ikigusana na sufuria inakuwa chuma kingine cha kupitishia joto. Mimi fedha ya foili ningeiongeza kwenye kitambaa cha mto.

Kupika kwenyewe kuko hivi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya. Sufuria ijae angalau theluthi mbili: sufuria iliyojaa ina joto jingi na eneo dogo la kulipotezea, ilhali chakula kidogo kwenye sufuria kubwa hupoa kabla ya kuiva. Chemsha kwa mchemko wa kweli, mfuniko ukiwa juu, kwa nusu saa.

Nusu saa hiyo usiikate. Maharage, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili inayoumiza tumbo na kutapisha, na mchemko ndio unaoivunja. Nyuzi 70 au 80 za ndani ya kapu haziwezi kazi hiyo. Dakika 10 za kutokota huhesabiwa kuwa kiwango cha chini, na kwa sisi wa milimani ambao mchemko wetu hauna ukali wa pwani, nusu saa ni busara. Pia muda huo unahakikisha kila punje imepata moto hadi katikati. Punje yenye ubaridi ndani itayanyonya maji joto lake mara tu ukiondoa moto.

Epua, kagua chini pasiwe na kaa lililong'ang'ania (kapu la maranda linaweza kuwaka), ingiza haraka, funika, uondoke. Iache kwa muda wa saa nne. Usichungulie! Ukifunua, mvuke unaondoka na hesabu ile ya kilojuli unaijua. Ikibidi kufunua, rudisha jikoni ichemke tena kabla ya kuirejesha. Wali unataka muda mfupi zaidi: dakika chache za kuchemka, kisha kama saa moja kapuni. Makande ni magumu. Yape saa nzima ya moto kwanza.

Chakula kisilale kapuni hadi kiwe vuguvugu. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaliana kwa kasi, na kapu linalopoa taratibu ni makazi mazuri kwao. Nyama na maharage yaliyokaa muda mrefu yachemshwe tena kabla ya kula.

Kapu jipya lipime kwa maji kabla ya kuliamini. Tumia kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 110. Cha kupimia homa kinaishia 42 na kitapasuka. Jaza sufuria maji yaliyochemka, funika, pima baada ya saa nne. Ikisoma zaidi ya 70, umefanikiwa. Ikiwa chini ya 60, pitisha mkono kuzunguka kapu wakati sufuria ikiwa bado ya moto: palipo na uvuguvugu ndipo panapovuja, na mara nyingi ni chini au kwenye ukingo wa mto. Juni na Julai, baridi yetu ikikaza, liinue kapu juu ya ubao usiliache kwenye saruji.

Mvuke utalowesha mto kidogo kidogo, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Anika mto na mfuko juani kila baada ya kupika. Pumba zikianza kunuka uvundo, zimwage zote ujaze nyingine.