SOMO: Kufunga pampu ya dizeli na kuweka taimingi, injini S195 ya mashine ya kusaga

Wadau habarini. Juzi nimeitwa Kitangari kule Newala, mashine ya kusaga, mwenyewe analalamika ikiwaka tu inapiga kelele kama inataka kung'oka kwenye msingi. Kumbe aliyefunga pampu kaukosa uma wa gavana, yaani kile kinachozuia injini isizidi spidi. Taimingi (ule muda wa pampu kusukuma dizeli) wengi wanaijua, hapo kwenye uma ndo panawashinda.

Anza na usafi. Funga koki ya tanki, osha kwa dizeli kuzunguka pampu, maana mchanga wetu huu ukigusa plenja (kile kipini cha ndani kinachosukuma dizeli) umeua pampu. Zungusha flaiwili mpaka kemu inayoisukuma pampu iwe chini ili springi isikusukumie pampu ukiwa unakaza. Zile shimu (vibati vyembamba) zinazokaa chini ya pampu zihesabu uzifunge na uzi, usije ukazitupa, hizo ndo taimingi yenyewe.

Kurudisha sasa. Akseli (mkono wa spidi) iweke katikati. Pampu ina kamkono, mwisho wake kuna kichwa cha mviringo kama punje ya mbaazi, hicho kichwa lazima kiingie katikati ya uma wa gavana. Pembeni kuna kifuniko kidogo, kifungue, piga tochi, sogeza akseli huku unaangalia kama kichwa kinafuata uma. Usiseme "nimehisi kimeingia", angalia kwa macho, kikikosa gavana haishiki kitu na injini itakimbia mpaka ijivunje.

Toa hewa: legeza skrubu ya pampu mpaka mapovu yaishe, kaza. Ng'oa paipu ya presha upande wa nozo (ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda), vuta akseli, zungusha flaiwili mpaka dizeli ijae mdomoni mwa paipu. Halafu endelea polepole sana, uelekeo ule ule inaozunguka ikiwaka, dizeli ikitikisika tu SIMAMA. Soma flaiwili na alama ya kwenye tanki la maji, S195 inataka digrii 16 mpaka 20 kabla pistoni haijafika juu. Alama zimefutika? Chukua tepu ya fundi cherehani pima mzingo wa flaiwili, gawa kwa 360. Mfano ukipata milimita 1440, digrii moja ni milimita 4, kwa hiyo digrii 18 ni milimita 72 kabla ya sifuri, yaani pale pistoni inapofika juu.

Ikiwahi (zaidi ya digrii 20) ongeza shimu, ikichelewa (chini ya 16) punguza. Ukibadilisha shimu pima tena, na uma uuangalie tena.

MASWALI

Mdau wa Masasi: Shikamoo fundi, nimezungusha raundi nzima dizeli haijasogea hata kidogo.
– Marahaba. Zungusha raundi nyingine, hiyo ni stroku nne, pampu inapiga mara moja kwa raundi mbili. Ikigoma bado ina hewa, au akseli umeiacha imefunga.

Kijana wa Mtama: Hendeli imenirudi ikanichapa mkono mpaka umevimba, ni taimingi hiyo?
– Pole sana mdogo wangu. Mara nyingi ndiyo, inawahi, na ikiwaka utasikia inagonga kavu. Ongeza shimu. Na ukishika hendeli dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, usiikumbatie.

Mama Mashine: Fundi mimi sio fundi ila mashine ni yangu, ikikimbia nifanyeje, nifunge koki?
– Dada koki haisaidii haraka, mafuta yaliyobaki kwenye chujio na pampu yanatosha kuiharibu. Ziba mdomo wa hewa kwa ubao au gunia nene lililokunjwa, sio kwa kiganja. Kama kijana wako anaweza, alegeze nati ya paipu ya presha akiwa amesimama pembeni, uso na mikono mbali, dizeli ya presha inapenya ngozi.

Nahodha Kilwa: Yangu iko kwenye boti, asubuhi inatoa moshi mweupe na inawaka kwa shida.
– Pima taimingi, itakuwa inachelewa. Ikiwa sawa mpelekee fundi nozo aipime, ikikojoa badala ya kupuliza ukungu, hata ukitoa shimu zote haitakusaidia.